Nyumba Isiyoandikwa: Mwalimu, Ndoa na Ugenini katika Desturi za Wasuaheli

Utangulizi

Kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli kilipigwa chapa mjini Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jalada lake lilibeba jina la Carl Velten, mkufunzi wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo, hata hivyo, ilitoka katika kalamu ya msaidizi wake, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewahi pia kukusanya kodi kabla ya kuitwa Ulaya mwaka 1900 kufundisha lugha yake. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyotoka mwaka 1981 ndiyo iliyompandisha Mtoro kwenye nafasi ya mwandishi. Wasifu wake wa kina ulitolewa na Ludger Wimmelbücker mjini Dar es Salaam mwaka 2009.

Licha ya kazi hizo, Desturi za Wasuaheli inaendelea kusomwa katika idara zetu kama ghala la habari. Mwanahistoria huchota humo habari za misafara, mwanasosholojia habari za unyago, na mwanaisimu maumbo ya lahaja ya Mrima. Ni nadra kitabu hiki kuulizwa maswali ambayo mhakiki huiuliza kazi ya fasihi: nani anasema, anasema na nani, kutoka wapi, na ni jambo gani ambalo halikuwezekana kusemwa.

Makala hii inakusudia kuuliza maswali hayo kwa kushika uzi mmoja, nao ni uzi wa familia. Inadai kwamba Desturi za Wasuaheli ni kazi ya mwalimu aliye ugenini anayeeleza maisha ya nyumbani ya watu wote ilhali nyumba yake mwenyewe haina mahali katika maelezo hayo. Inadai, zaidi ya hapo, kwamba kufutwa kwa jina la mwandishi kwenye jalada la 1903 na kuzuiwa kwa mkewe pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1905 ni matendo mawili ya fikira moja.

Mwalimu wa Pwani katika Seminari ya Berlin

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijitafutia makoloni. Wanafunzi wake walikuwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda ng'ambo. Utaratibu wa kufundisha ulimweka juu mkufunzi wa Kijerumani, na chini yake mwenyeji wa lugha aliyesomesha matamshi, mazungumzo na insha. Mtoro hakuwa wa kwanza kushika nafasi hiyo ya chini. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko tangu mwaka 1891, na habari aliyoiandika juu ya maisha yake ilichapwa katika mkusanyiko wa C. G. Büttner wa mwaka 1894.

Leo mpango kama huo ungeitwa mabadilishano ya walimu. Neno hilo lingekuwa na kejeli ndani yake. Mabadilishano hudai pande mbili, na kila upande umkubali mgeni pamoja na hadhi yake. Mjerumani aliyekwenda Dar es Salaam kufanya kazi aliweza kufuatana na mke wake wa Kijerumani akapewa nyumba. Mswahili aliyekwenda Berlin alichukuliwa kama sauti. Kilichohitajika ni ulimi wake na kumbukumbu yake. Kwamba mwenye ulimi huo alikuwa pia na umri wa kuoa, na hamu ya kujenga nyumba, ni jambo ambalo utaratibu wa Seminari haukulifikiria.

Hali hii ya mwandishi ina uzito katika kuifasiri kazi yake. Msomaji wa kwanza wa Desturi za Wasuaheli hakuwa mtu wa Bagamoyo, maana mtu wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa jinsi mwana anavyopewa jina. Msomaji huyo alikuwa mwanafunzi wa Seminari, ambaye baada ya miezi michache angeketi kwenye kiti cha utawala akasikiliza mashauri ya ndoa, talaka na urithi. Kitabu chenyewe kinakiri hivyo kwa kuambatanisha sehemu nzima juu ya desturi za sheria. Mtoro alikuwa akiwaeleza familia za Waswahili watu ambao wangekuja kuzihukumu.

Nafsi na Wakati katika Usimulizi

Mpangilio wa kitabu unafuata maisha ya binadamu. Kuna mimba na kuzaliwa, kulea na kutia chuoni, michezo ya watoto, jando na unyago, posa na harusi. Humo mna pia ngoma, kilimo, safari za bara, utumwa, maradhi na pepo, hata kufikia kifo na matanga. Mtiririko huo una umbo la kifasihi. Maisha ya jamii nzima yanasimuliwa kana kwamba ni maisha ya mtu mmoja asiye na jina, anayezaliwa mwanzoni na kuzikwa mwishoni.

Nyenzo kuu ya usimulizi huo ni ya kisarufi. Kiambishi cha mazoea hu- kinatawala, na mtendaji wa kawaida ni "mtu", "mwanamume", "mwanamke" au "watu". Ni usemi wa namna ya "mtu akitaka jambo fulani, hufanya hivi na hivi". Wakati wa hu- hauna tarehe. Hausemi kwamba jambo lilitendeka jana, wala kwamba litatendeka kesho. Husema tu kwamba ndivyo lilivyo. Kwa nyenzo hii mwandishi anaiondoa Bagamoyo katika historia. Bendera ya Mjerumani, vita vya pwani vya 1888 na 1889, na kodi ambayo Mtoro mwenyewe aliikusanya, vyote husukumwa pembeni ili desturi isimame peke yake.

Ingekuwa rahisi kudai kwamba usimulizi huu usio na "mimi" ulitokana na uwezo mdogo wa mwandishi, au kwamba nathari ya Kiswahili ya wakati huo haikujua nafsi. Dai hilo linavunjwa na kazi nyingine ya Mtoro mwenyewe. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliotolewa na Velten mwaka 1901, Mtoro ana masimulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua, na kichwa chake kinatangaza umiliki waziwazi: ni safari "yangu". Humo yumo mtu anayetembea, anayefika na anayeona. Mwandishi aliimudu nafsi ya kwanza vizuri. Alipoandika safari alisema "mimi". Alipoandika nyumbani alisema "mtu".

Tofauti hiyo inaweza kuelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya utanzu: safari hudai shahidi, na desturi hudai mamlaka ya wengi. Ya pili ni ya mahali. Aliyeko nyumbani haoni desturi; anaiishi tu, kama samaki asivyoyaona maji. Ni lazima aondoke ndipo mambo ya kila siku yaonekane kuwa na umbo na majina. Kwa maana hii hu- ya Mtoro ni wakati wa mtu aliye mbali. Inashikilia kwamba kule kwao mambo yangali yakitendeka kama yalivyotendeka siku zote, hata kama yeye hayupo kuyashuhudia. Mhakiki anayeona humo ripoti tu anaikosa hisia iliyomo, na hisia hiyo ni ya ugeni.

Ndoa yenye Mashahidi na Ndoa ya Ugenini

Sehemu zinazohusu ndoa ni kati ya zile zilizoandikwa kwa utajiri mkubwa. Kinachojitokeza humo ni kwamba ndoa haiwahusu watu wawili peke yao. Ni mnyororo wa watu. Posa hupelekwa na mtu mwingine kwa niaba ya mwoaji, wazee hushauriana, mahari hutajwa, wazazi wana haki zao, zile ada ambazo watu wa pwani huziita kilemba cha baba na mkaja wa mama, kungwi yupo kumwongoza bibi harusi, na majirani huja kula, kucheza na kushuhudia. Kila hatua ina mtu wake, na kila mtu ana haki ya kulalamika akirukwa.

Msomaji ambaye si mtu wa pwani ataitambua mantiki hii upesi. Mwanafunzi aliyelelewa Ruiri, huko Buuri katika Meru, anajua kwamba ruracio ni maneno kati ya koo mbili kabla ya kuwa mali, na kwamba ndoa ambayo wazee hawakuiketia ni ndoa isiyo na shahidi. Majina hutofautiana lakini msingi unafanana: mtu haoi peke yake.

Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, yaani mwaka 1904, Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani, mjini Berlin. Ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani. Ikilinganishwa na sura za kitabu, karibu kila kiungo cha mnyororo hakipo. Ukoo wa mume haukuwapo kupeleka posa wala kupokea jibu, na mtaa wa Bagamoyo haukuwapo kuishuhudia harusi. Mtu aliyekuwa ameorodhesha kwa ukamilifu watu wanaohitajika ili ndoa iwe ndoa alioa mahali ambapo watu hao hawakuweza kufika.

Hapa pana mtego ambao uhakiki wa kiwasifu hauna budi kuuepuka. Mtu angetamani kusema kwamba Mtoro aliificha ndoa yake katika kitabu, na kwamba ukimya wa Desturi za Wasuaheli juu ya mkewe ni siri ya mwandishi. Tarehe hazikubali. Kitabu ni cha 1903, ndoa ni ya 1904. Mtu hawezi kuficha jambo ambalo bado halijatendeka. Ukimya unaostahili kuchunguzwa ni wa muundo: aina ya kitabu alichotakiwa kuandika haikuwa na nafasi ya mtu wa pwani anayeishi, kufanya kazi na kuoa Ulaya. Mswahili wa kitabu hicho huenda bara akarudi. Mswahili anayekwenda Berlin akakaa hamo, ingawa ndiye aliyekishika kalamu.

Pwani Isiyofikika

Kazi ya Mtoro katika Seminari ilikoma mwaka 1905. Katika mwaka huohuo yeye na mkewe walisafiri kwenda Afrika Mashariki kwa nia ya kuishi huko. Utawala wa koloni haukuruhusu mke Mjerumani ashuke aishi na mumewe Mwafrika, na mume na mke wakalazimika kurudi Ujerumani. Mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni hilo. Mtoro alipata tena kazi ya kufundisha mwaka 1909, safari hii Hamburg, chini ya Carl Meinhof katika Taasisi ya Kikoloni, akaishika hadi mwaka 1913. Baadaye alipata riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki mbele ya hadhira za Kijerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Hakuwahi tena kuishi kwao.

Matukio hayo yana maana gani kwa msomaji wa Desturi za Wasuaheli? Jibu la makala hii ni kwamba yanatupa ufafanuzi wa jalada la kitabu. Mwaka 1903 dola lilipokea maarifa ya Mtoro juu ya ndoa, likayapiga chapa na kuyafundisha, lakini halikumpa hadhi ya mwandishi. Miaka miwili baadaye dola hilohilo lilimkatalia hadhi ya mume. Katika nyakati zote mbili alikubaliwa kama chanzo na akakataliwa kama mwenye nyumba. Maofisa waliotazamiwa kumsoma ili waelewe jinsi Mswahili anavyooa ndio waliotumikia utawala uliomwambia Mswahili mmoja, aliyekwisha kuoa, kwamba ndoa yake haiwezi kukanyaga pwani.

Kwa hiyo ile hu- isiyo na tarehe nayo inasomeka upya. Ilikuwa na faida kwa pande mbili zilizopingana. Kwa mwandishi ilikuwa njia ya kuhifadhi kwao. Kwa mtawala ilikuwa njia ya kumweka Mswahili katika mahali pake: mtu wa desturi, asiyebadilika, ambaye mambo yake yote yanajulikana tangu mimba hadi matanga. Mtoro alipooa Berlin alitoka katika sentensi hiyo. Alitenda jambo lenye tarehe, jina na anwani. Utawala uliokuwa umezoea "mtu huoa hivi" haukuwa na pa kumweka "Mtoro alioa".

Ulinganisho na Salme

Ulinganisho mfupi na Salme binti Said utasaidia kuyapima madai haya. Binti huyu wa Sultani wa Unguja aliondoka kwao mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily, akaishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 akamwachia watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 zikiwa na nafsi ya kwanza iliyo wazi, na barua zake juu ya maisha ya Ujerumani zilichapwa muda mrefu baada ya kifo chake. Hizo ndizo zilizofichua upweke wa mama anayelea watoto katika lugha na hali ya hewa isiyo yake.

Wote wawili walivuka bahari na wote wawili walifunga ndoa iliyovuka mpaka wa rangi na dini. Hata hivyo Salme aliweza kuiandika nyumba yake ya ugenini, na Mtoro hakuiandika katika kitabu chochote. Tofauti haiko katika kipaji. Salme aliandika kwa lugha ya wasomaji wake, akiwa na cheo cha binti mfalme ambacho soko la vitabu lilikitamani. Mtoro aliandika kwa Kiswahili, chini ya mhariri, kwa matumizi ya darasa. Ni ajabu inayostahili kutafakariwa kwamba maisha ya familia ya Mswahili huko Ujerumani yaliingia katika fasihi kwa Kijerumani kabla ya kupata njia kwa Kiswahili. Lugha iliyokuwa na maneno ya kutosha kwa kila hatua ya harusi ya Bagamoyo haikupewa fursa ya kusimulia chumba kimoja cha Berlin.

Pingamizi

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza itasema kwamba Velten ndiye aliyepanga maswali na mpangilio, na kwamba alitumia pia maelezo ya watu wengine, hivyo kumtafuta mwandishi mmoja ni kujidanganya. Hoja hii ina nguvu, na mhakiki yeyote lazima aihesabu mikono iliyomo katika matini. Lakini mkono wa mhariri haufuti mkono wa mwandishi. Mfuatano wa hatua, wingi wa istilahi za ndani na utulivu wa mwalimu anayejua mwanafunzi wake atakwama wapi ni sifa ambazo mgeni hakuweza kuzibuni.

Pingamizi ya pili itatoka kwa wale wanaomwona Mtoro kuwa mtumishi wa ukoloni aliyeuza siri za kwao. Ni kweli alikusanya kodi, na ni kweli alifundisha watawala. Walakini hukumu hiyo inasimama mwaka 1903 na kukataa kuendelea hadi 1905. Mtu aliyekuwa chombo tu asingegharimiwa hivyo na wenye chombo. Ndoa yake, ambayo haikuwa tendo la kisiasa kwa nia, ilibainisha mpaka ambao utumishi wake wote haukuweza kuuvuka.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba Desturi za Wasuaheli ni kazi ya ugenini, kwamba sarufi yake ya mazoea inabeba hisia ya umbali, na kwamba familia ya mwandishi, isiyokuwamo wala kuwezekana kuwamo, ni sehemu ya maana ya kitabu. Usomaji huu hauligeuzi andiko kuwa wasifu. Unachodai ni kwamba kitabu kisomwe kando ya tarehe zake, na kwamba wanafunzi wetu wakitaje kwa jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari kabla ya jina la mhariri wake.

Suala lenyewe halijafungwa. Walimu wa Kiswahili kutoka Kenya wanaendelea kwenda kufundisha katika vyuo vya Marekani na Ulaya, mara nyingi kwa mkataba wa mwaka mmoja wa masomo ulioandikwa kwa jina la mtu mmoja. Mwalimu anayetoka Ruiri kwa mkataba wa aina hiyo hakabili gavana wa kuzuia mashua. Hukabili viza, kipato kisichotosha wawili, na mtoto anayejifunza kusema bila yeye. Darasani ataombwa aeleze harusi, vyakula na salamu za kwao, naye ataeleza kwa hu-, maana ndiyo sarufi inayotarajiwa kwake. Fasihi ya Kiswahili inamdai, na inatudai sisi tunaoihakiki, mahali ambapo mwalimu huyo ataweza kuandika jinsi watu wa kwao huoa na pia jinsi yeye mwenyewe alivyoishi.